Herufi Moja Mahali pa Sifuri

Mtoni Kijichi, Temeke
Jumapili, baada ya Alasiri

Ndugu yangu Jenipher,

Amani iwe nawe na juu ya nyumba yenu yote. Sie huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama bado anakuita "mwanangu wa Masasi", na kila akipika vitumbua huvitenga vile vilivyoungua pembeni, kisha anakumbuka kwamba aliyekuwaga akivigombania hayupo. Baba anakusalimu sana. Mafundi wenzake wa majiko pale Tandika wamemchagua kuwa mwenyekiti wao, basi siku hizi hata chumvi mezani anaiomba kwa utaratibu wa kikao. Nawe je, u mzima? Unakula? Unalala? Baba yako, Mzee Albano, anaendeleaje na lile goti? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mstari unaofuata. Najua msimu wa korosho umefunguka huko kwenu, na huenda barua hii ikakukuta na vidole vyenye utomvu. Nawa kwanza, maana ni ndefu.

Usishangae kwa nini nimerudi kwenye karatasi kama bibi zetu. Namba yako haipatikani, na makundi yote ya wasapu uliyatoka siku moja. Nilipochoka kujaribu nikamfuata binamu yako Venance kwenye vinyago Mwenge, akaniambia kwamba Jumanne anapanda basi kuja huko kufuata mpingo. Nikamwomba anibebee barua, akakubali. Tena akanipa habari zako ambazo sikuwa nazo: kwamba unawafundisha hesabu watoto wa majirani, na wanakupenda; na kwamba mtu akikutajia chuo unainuka kama uliyesahau kitu jikoni. Hiyo ya pili ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu. Basi leo nakitaja chuo, na nakuomba usiinuke.

Mwaka wa tatu niliuanza bila wewe katika chumba chetu kile cha Sinza. Baa ya jirani iliendelea na singeli yake, na mie niliendelea kusoma na pamba masikioni. Nilikuwa nimejiwekea nadhiri kwamba lazima nitoke na daraja la kwanza, na mambo yalikuwa yakienda hivyo mpaka asubuhi ya mtihani wa Takwimu za Juu, wa mwisho katika semista. Niliamka na maumivu upande wa kulia wa tumbo, nikadhani ni wasiwasi wa mtihani. Nilipojaribu kuvaa viatu nikaanguka. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenipakia kwenye bajaji mpaka hospitali, na madaktari hawakukawia kusema ni kidole tumbo na kwamba lazima nipasuliwe siku ileile.

Baba alipofika nilikuwa nimeshavalishwa gauni la kijani. Unajua nilichomwambia? Sikumwambia aniombee dua. Nilimwambia ampigie simu mkuu wa idara, Dokta Projestus, amweleze kwamba sitafika kwenye mtihani. Baba alipiga palepale nikimsikia. Dokta alimpa pole, akamwambia nitibiwe kwanza, na kwamba ruhusa ameitoa, mtihani nitaufanya nikipona. Nikaingia chumba cha upasuaji na moyo mweupe.

Matokeo yalipotoka mwezi wa nne nilikuwa nimeshapona, natembea bila kujishika tumbo. Nikafungua, na mbele ya Takwimu za Juu nikakuta sifuri. Pembeni yake E, na chini yake neno la kunitaka nifanye sapu, mtihani wa marudio. GPA yangu, ambayo nilikuwa nimeilea kama yai, ilikuwa imeporomoka, na daraja la kwanza limetoweka.

Nilimwendea mratibu wa mitihani wa idara, Cyprian, yule mwalimu kijana aliyekuwaga anatupa semina mwaka wa kwanza. Si mtu mbaya. Alinikaribisha kiti, akaniambia kwamba mfumo mpya wa matokeo hauvumilii nafasi tupu. Siku ya kufunga semista, penye nafasi tupu unaweka sifuri wenyewe. Akasema wote walioumwa wamefanyiwa hivyohivyo, na kwamba nifanye sapu yangu yaishe. Nilimwambia kwamba mie sikufeli, sikufanya. Akacheka kidogo, akaniuliza kuna tofauti gani. Nikaondoka nimeinama.

Swali lake ndilo lililonikera usiku na mchana. Nikakitafuta kile kijitabu cha kanuni za mitihani tulichogawiwa wiki ya kwanza, ambacho mimi na wewe tulikitumia kujipepea pale ukumbini. Nikakisoma chote. Jeni, alama za kawaida unazijua: A pointi tano, B yenye alama ya kujumlisha nne, B tatu, C mbili, D moja, na E haina kitu. Tulizikariri sie sote. Lakini nyuma kabisa kuna herufi nyingine ambazo si maksi hata kidogo. Zenyewe zinaeleza tu kilichompata mwanafunzi. Ipo ya aliyeahirisha mwaka, ipo ya aliyetoroka mtihani, na ipo I, ya mtu ambaye kazi yake haijakamilika kwa sababu inayokubalika, kama ugonjwa au msiba, na aliomba ruhusa akapewa. I haina pointi. Haiingii kwenye GPA, haipandishi wala haishushi. Inamshikia mwenyewe nafasi mpaka arudi afanye mtihani wake, tena aufanye kama mara ya kwanza: akipata A, anaandikiwa A. Haifanani na sapu, ambayo hata ujibu kama malaika utaandikiwa C, na kale kanyota ka pembeni kanabaki kwenye transkripti mpaka unapata wajukuu.

Nilifunga kijitabu, nikakukumbuka wewe.

Nisamehe, naingia kwenye kidonda. Nilikumbuka ile wiki ya mitihani ya mwaka wa pili, simu ya Masasi ilipokuja kwamba mama yako hatunaye tena. Nilikumbuka ulivyokwenda idarani ukiwa umejifunga khanga yangu, ukarudi ukasema umeruhusiwa, umeambiwa nenda ukazike, mitihani mitatu iliyobaki utaifanya Septemba. Ulirudi kutoka msibani umekonda, lakini ulirudi na madaftari yako, tukaanza kusoma. Kisha matokeo yakatoka: sifuri tatu zimepangana, na chini yake neno kwamba umedisko, yaani umefukuzwa chuo. Nilikusihi ukate rufaa. Ukaniambia kwamba mtu aliyefeli hakati rufaa, anafunga mizigo, na ukafunga kweli. Mie nilikushika begi mpaka stendi na nikaamini, kama ulivyoamini wewe, kwamba kilichoandikwa na chuo kimeandikwa.

Safari hii sikuamini tena. Niliandika rufaa yangu nikaipeleka. Dokta Projestus aliniita, akanionya kwa sauti ya upole kabisa. Alisema ananiunga mkono kuhusu ruhusa, hawezi kukana neno lake, ila kamati ya rufaa ni kali na mwenyekiti wake, Profesa Bernadeta, hapendi idara zivuliwe nguo mbele yake. Akasema sapu ya C haijawahi kumwua mtu. Nilimshukuru, nikamwambia kwamba nitakwenda.

Kikao kilikuwa mwezi wa sita. Baba alifunga kazi siku hiyo, akavaa kanzu yake ya Idi, akakaa nje kwenye benchi na tasbihi yake. Ndani walikuwa wanakamati mezani, Cyprian na Dokta Projestus upande mmoja, na mie peke yangu upande wa pili. Profesa Bernadeta ni mwanamke mfupi, mvi nyeupe kichwa kizima, na anapokutazama unahisi umevaa nguo kinyume. Aliniambia niseme haja yangu kwa ufupi.

Nikasema hivi: "Mheshimiwa mwenyekiti, sifuri ni ya mtu aliyekaa kwenye mtihani akakosa yote. Mimi sikukaa. Nilikuwa nimelazwa, na idara ilinipa ruhusa. Kanuni inasema mtu kama mimi aandikiwe I. Siombi nionewe huruma. Naomba niandikiwe kilichotokea."

Cyprian akaeleza habari ya mfumo na nafasi tupu. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama mfumo huo umeajiriwa na chuo au chuo kimeajiriwa nao. Akawageukia wenzake, wakanong'ona kidogo, akatangaza kwamba sifuri yangu inafutwa, naandikiwa I, na nitafanya mtihani Septemba kama mara ya kwanza. Akaniambia naweza kwenda.

Sitakudanganya, Jeni. Nilisimama. Nikachukua mkoba, nikafika mlangoni, mkono wangu ukashika kitasa. Niliwaza baba atakavyofurahi. Niliwaza pia khanga yangu ile uliyojifunga. Mkono ukakataa kufungua, nikageuka.

Profesa akasema, "Binti, umeshinda. Unangoja nini?"

Nikamwambia, "Kuna wenzangu waliopewa ruhusa kama mimi, nao wakaandikiwa sifuri. Wengine wamefukuzwa chuo kwa sababu ya sifuri hizo. Naomba uamuzi huu uwe na wao."

Aliniuliza ni nani aliyenituma. Nikajibu kwamba hakuna, kwamba wao wameshaondoka wakijua kwamba walifeli. Akaniambia kwamba kamati haiwezi kumsikiliza asiyekuwepo, na muda wao wa rufaa umepita. Kisha akavua miwani, na sauti yake ikabadilika kidogo. Akasema ipo njia moja tu: rufaa yangu iliyoko mezani igeuzwe iwe ya wote, na idara iagizwe kupitia kila aliyekosa mtihani kwa ruhusa tangu mfumo ule uanze. Lakini hapo shauri langu nalo litabaki wazi mpaka la mwisho wao lipatiwe jibu, na orodha ya wahitimu haimsubiri mtu. Nikikosa kuwemo, nitangoja mahafali ya mwaka kesho, na daraja langu la kwanza litangoja pamoja nami. Akaniambia nifikiri kabla sijajibu.

Nilifikiri. Kidonda kilichopona zamani kilianza kuuma tena. Nikasema iwe ya wote.

Ndipo Dokta Projestus aliposimama. Nilidhani anasimama kupinga, maana uso wake ulikuwa umekunjamana. Alisema, "Mwenyekiti, mmoja wao ruhusa nilimpa mimi kwa kinywa changu. Anaitwa Jenipher. Alifiwa na mama yake. Nilimwambia aende akazike, mitihani yake ataikuta."

Profesa akamwuliza kwa nini basi aliidhinisha matokeo yake.

"Yaliletwa kwa namba za usajili," akasema. "Sikujua kwamba namba ile ni yule mtoto. Nilidhani huzuni ndiyo iliyomzuia kurudi, na sikuuliza. Kama kuna wa kulaumiwa, naomba muanze na mimi."

Mtu mzima yule, Jeni, aliyeniambia C haijaua mtu, alisimama mbele ya wakubwa zake akasema maneno hayo bila kulazimishwa. Profesa Bernadeta akaandika. Uamuzi ukawa wa wote.

Nilipotoka, baba aliniuliza tumeshinda au tumeshindwa. Nikamweleza yote, pamoja na lile la kwamba huenda nisihitimu mwaka huu. Nilitegemea atanigombeza. Alizungusha tasbihi yake mpaka mwisho, akasema twende nyumbani, mama yako amepika pilau, na pilau huliwa na mtu aliyefanya jambo.

Basi kazi ikaanza. Cyprian, niliyekuwa nimemwona mtu wa kucheka tu, ndiye aliyeibeba. Alikuwa akikaa ofisini likizo nzima, anawapigia walimu mmojammoja awaulize nani alipewa ruhusa na kwa sababu gani, anapeleka majibu kwa kamati. Mara kwa mara alinipigia kunipa habari. Siku moja aliniambia kwamba amempata kaka mmoja wa Pugu aliyedisko akiwa amelazwa na kifua kikuu, sasa anauza mkaa. Alipomwambia kwenye simu, yule kaka alikata, kisha akapiga tena kumwomba arudie sentensi ileile. Cyprian alinisimulia hayo akakohoa, akasema ana kazi nyingi, akakata naye.

Septemba niliruhusiwa kuketi kwenye mtihani wangu, shauri likiwa bado wazi. Matokeo yangu yalitoka wiki iliyopita: Takwimu za Juu, A. Haina nyota, haina maelezo, A iliyosimama peke yake kama mnara. Na kamati ilimaliza kazi yake kabla orodha haijafungwa, kwa hiyo Najma binti Hija anahitimu mwezi ujao kwa daraja la kwanza. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani wa Kikristo akaja kuuliza harusi ni ya nani. Baba aliitisha kikao cha mafundi, sijui kwa ajenda gani, na wote wakarudi na soda.

Sasa lile nililolihifadhi mpaka hapa. Ningelianza nalo, nakujua, usingesoma kingine chochote, na nilitaka ulipate ukiwa umeshajua limetoka wapi.

Alhamisi Dokta Projestus aliniita ofisini. Alikuwa na Cyprian, na wote wawili walikuwa wamesimama kama watu waliokuja kuposa. Jeni, hukufeli. Hukufeli hata siku moja. Zile sifuri tatu zimefutwa, na mahali pake pameandikwa I, I, I. Neno la kukufukuza limeondolewa, na seneti ya chuo imelipitisha. GPA yako ya mwaka wa pili imehesabiwa upya kwa masomo uliyoyafanya tu, nayo imetoka juu kuliko yangu ya mwaka ule, jambo ambalo limeniudhi kidogo. Chuo kinafungua Novemba, unaingia mwaka wa tatu. Mitihani yako mitatu utaifanya Januari, kama mara ya kwanza, na utakachopata ndicho kitakachoandikwa.

Barua rasmi inakuja kwa posta. Lakini Dokta aliniomba nikufikishie lake mwenyewe. Alisema, "Mwambie kwamba namwomba radhi. Nilimwambia mitihani yake ataikuta, na sikuitunza."

Sikutaka kukuambia kabla ya hili kukamilika, nisije nikakupa tumaini kisha likavunjika mikononi mwako. Ukitaka kunikasirikia kwa hilo, njoo unikasirikie hapahapa. Venance anarudi na mpingo wake Jumamosi, na amesema nafasi kwenye basi atakukatia. Mama ameshatoa godoro nje kulianika. Utakaa kwetu mpaka tukupatie chumba, na safari hii tutatafuta mbali na baa.

Jambo moja naliomba kwa dhati. Venance aliniambia kwamba tangu urudi, Mzee Albano akiulizwa habari za binti yake wa chuo, hujibu tu kwamba yupo, kisha hutazama pembeni. Mchukue mzee, mketi, na umsomee mwenyewe pale nilipoandika kwamba hukufeli. Usimpe maneno yako, msomee yangu. Mwambie kwamba binti yake aliacha mitihani mitatu akaenda kumzika mama yake, kama mtoto yeyote mwema angefanya, na chuo sasa kimeandika hivyo. Mkimaliza, nendeni wote wawili mkamwambie na mama pale alipolala.

Wasalimie ndugu na majirani wote, na wale watoto wa hesabu waambie mwalimu wao anaondoka kwa heri, asilie mtu. Wazazi wangu wanakuombea safari njema, na mie nitakuwa stendi Jumamosi jioni, nimevaa baibui jekundu ili usinipotee.

Akupendaye, na aliyekutangulia Takwimu za Juu,

Najma Hija